Je, Wajua? Choo cha Boti Nacho Kina Sheria

Je, wajua kwamba nchini Marekani boti ya starehe hairuhusiwi kumwaga maji ya chooni yasiyosafishwa ndani ya maili 3 za baharini kutoka pwani? Boti yenye choo cha kudumu lazima iwe na mtambo wa kusafisha uchafu huo au tangi la kuuhifadhi. Tangi likijaa, nahodha huegesha boti gatini penye pampu, huunganisha mpira kwenye tundu lililoko sitahani, na uchafu hufyonzwa hadi nchi kavu.

Vali ya kumwagia baharini nayo hufungwa kwa kufuli, au mkono wake hung’olewa, isije ikafunguliwa kwa bahati mbaya.

Yapo maeneo, kama Puget Sound jimboni Washington tangu 2018, ambako hata maji ya chooni yaliyosafishwa na mtambo wa boti hayamwagwi. Sababu ni nzito: chaza huchuja maji ili wapate chakula, hivyo hukusanya vijidudu vya kinyesi, na anayewala wabichi anaweza kuugua.

Mwenye boti, tunza tangi lako. Bahari unayoichafua ndiyo sahani ya mwenzako.