Tofauti za maneno ya Kiingereza ya kuzuia na kuhifadhi

MTAALAMU aliyetoa huduma za ushauri kwa kampuni hulipwa pesa pungufu, akaelezwa kuwa kilichokatwa ni 'withholding tax'. Mwanakandarasi aliyekamilisha jengo naye hubakishiwa sehemu ya malipo yake kwa jina la 'retention'. Kwenye mnada, dalali hukataa kuuza shamba kwa kuwa bei haijafikia 'reserve price'.

Watatu hao wakiomba tafsiri, huenda wakapewa jibu moja tu: kimezuiwa. Hata hivyo, kila neno lina asili yake, na anayeyachanganya huweza kupoteza haki yake.

Neno 'withhold' ni la Kiingereza chenyewe, wala halikukopwa. Sehemu yake ya kwanza, 'with', ambayo leo humaanisha 'pamoja na', hapo kale ilimaanisha 'dhidi ya'. Maana hiyo imesalia pia katika 'withstand', yaani kustahimili au kukabili. Basi 'withhold' ni kushika kitu huku kukiwa na mtu wa upande wa pili anayekingoja. Nchini Kenya, mkazi anayelipwa ada ya utaalamu hukatwa asilimia 5. Pesa hizo hazipotei, bali huhesabiwa kuwa sehemu ya kodi yake ya mwaka. Asiyedai cheti cha makato huenda akalipa mara mbili.

'Retain' lilitoka katika Kilatini kupitia Kifaransa. 'Re' ni nyuma au tena, na 'tenere' ni kushika. Pesa za mwanakandarasi hushikwa kama dhamana, na hutolewa muda wa kurekebisha kasoro unapokwisha. Kwa hivyo, ni malipo yaliyocheleweshwa wala si faini.

Ndugu wa neno hilo ni 'detain', ambalo aghalabu hutumiwa kwa binadamu. Wakati wa Hali ya Hatari, kati ya 1952 na 1960, maelfu ya Wakenya walizuiliwa kambini bila kufunguliwa mashtaka. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyezuiliwa kati ya 1977 na 1978, alikipa kitabu chake cha 1981 jina 'Detained'. Mfungwa amehukumiwa na anajua kifungo chake ni cha miaka mingapi. Aliye kizuizini hajui. Kiswahili nacho kinatofautisha gereza na kizuizi, na mwandishi makini hapaswi kuyachanganya.

'Reserve' pia ni la Kilatini: 'servare' ni kutunza. Humaanisha kutenga kitu mapema kwa ajili ya mtu au siku fulani. Mwenye mali anayeweka 'reserve price' hutenga kiwango ambacho hakubali kushuka chini yake. Lakini neno hilo jema liliwahi kutumiwa kwa hila. Kwa mikataba ya 1904 na 1911, Wamaasai walihamishwa kutoka nyanda zao bora na kuwekwa katika maeneo yaliyoitwa 'reserve'. Jina lilidai kwamba ardhi hiyo ilitunzwa kwa ajili yao, ilhali nyanda walizoziacha zilitengewa walowezi.

Neno 'hoard' nalo lilimaanisha hazina tu katika Kiingereza cha kale. Leo linapotumiwa kama kitenzi huwa na lawama, kama Kiswahili kinavyomlaumu mfanyabiashara anayehodhi unga ili bei ipande. Msomaji asilichanganye na 'hoarding' lenye maana ya bango la matangazo kando ya barabara, kwani hilo lina mzizi tofauti.

Kuna pia kuzuia maneno. 'Reticent' limetokana na 'tacere', kunyamaza, hivyo ni sifa ya mtu asiyependa kusema mengi. Wengi hulitumia kwa maana ya kusita, ilhali neno la kusita ni 'reluctant', ambalo mzizi wake ni kupigana mieleka.

Kabla ya kutia sahihi hati yoyote yenye maneno haya, ni vyema kuuliza mambo matatu: kitu hiki ni cha nani, kinashikwa na nani, na kitaachiliwa lini? Neno 'kuzuia' peke yake halijibu hata moja.