Utangulizi: Njaa ya Chuma Ubongoni

Mwenye ugonjwa wa miguu isiyotulia akijilaza usiku, miguu humvuta ndani kwa ndani mpaka ashindwe kuituliza mahali pamoja. Akiinuka akatembea, anapata nafuu. Akirudi kitandani, inaanza upya. Daktari Mwingereza Thomas Willis aliieleza hali hii katika karne ya 17, na mwaka 1945 Karl-Axel Ekbom wa Uswidi akaichambua kwa kina na kuipa jina. Hadi leo wagonjwa wengi huambiwa wana mawazo tu. Inaniuma, maana ni miongoni mwa magonjwa ya usingizi ambayo chanzo chake tumekikaribia zaidi.

Fununu ya kwanza ilitoka kwa wajawazito na watu waliopungukiwa damu, ambao huugua zaidi. Lakini wagonjwa wengi wakipimwa, damu yao haina kasoro. Mwaka 2000 watafiti wa Johns Hopkins, mjini Baltimore, walipima maji ya uti wa mgongo wakakuta feritini, protini inayohifadhi madini ya chuma, imepungua hata pale ambapo damu ilikuwa sawa. Je, chuma kimo mwilini ila ubongo haukipati? Fuvu la mtu aliye hai halifunguliwi ili kujibu swali kama hilo. Ilibidi zitumike picha.

Mashine ya MRI ni sumaku yenye nguvu nyingi. Huvipanga viini vya haidrojeni vilivyomo katika maji ya mwili, huvisukasuka kwa mawimbi ya redio, kisha hupokea mawimbi vinayorudisha. Chuma huvuruga usumaku wa jirani yake, kwa hiyo kilipo kingi mawimbi hayo hufifia upesi. Ukipima kasi ya kufifia, unakadiria kiasi cha chuma. Tua hapa kidogo, msomaji wangu: unachokiona kwenye skrini ni hesabu iliyopakwa rangi, na hesabu mbaya huzua ugonjwa usiokuwapo.

Mwaka 2001 watafiti Richard Allen, Christopher Earley na wenzao waliwapiga picha wagonjwa 5 na watu wenye afya 5. Katika kiini cheusi cha ubongo wa kati, wagonjwa walikuwa na chuma kidogo, na aliyeteseka zaidi alipungukiwa zaidi. Kiini hicho hutengeneza dopamini, na kimeng'enya kinachoisimamia kazi hiyo hakifanyi kitu bila chuma. Watu 10 ni wachache mno. Nisingethubutu kusimamisha nadharia juu yao peke yao. Nilishawishika kwa uchunguzi wa mwaka 2003, ambapo ubongo wa wagonjwa waliofariki ulionyesha upungufu uleule.

Baadaye ilionekana kwamba upungufu huo hujitokeza wazi kwa walioanza kuugua wakiwa vijana, si kwa walioanza uzeeni. Tofauti hiyo inahitaji watafiti wapya, na ndiyo sababu kubwa ya kukukaribisha katika fani ya magonjwa ya usingizi. Wakati huohuo, daktari anayeifuata fani hii hupima feritini kwanza. Ikiwa haizidi mikrogramu 75 kwa lita, hufikiria kumpa mgonjwa dawa ya chuma hata kama damu yake haijapungua.