Mazembe na Lupopo: kwa nini timu inapanda, kwa nini inashuka

Siku Mazembe na Lupopo wanakutana Lubumbashi, hata huku Mulungwishi kazi inasimama kidogo. Watu wanakusanyika karibu na redio ao televizyo, na swali ni moja tu: wewe ni wa nani? Timu hizo mbili zilizaliwa mwaka mmoja, 1939, katika muji mmoja. Lakini hazikuishi maisha moja. Kujua sababu kunasaidia kila mutaa wenye timu yake ya mpira.

Mazembe ilianzishwa na mapadri Wabenedikto, kwa jina la Saint-Georges. Makao yake ni Kamalondo, mutaa wa zamani wa wafanyakazi Waafrika wakati Lubumbashi ilikuwa ingali inaitwa Élisabethville. Baadaye, kampuni ya Ubelgiji ya kutengeneza mipira ya magari, Englebert, iliikamata mkono, na timu ikachukua jina la kampuni. Kisha kumaliza shampiona bila kushindwa hata mechi moja, wakaongeza « Tout Puissant », maana yake Mwenye nguvu zote.

Nguvu ile ilionekana Afrika nzima. Kuanzia 1967 mpaka 1970 timu ilicheza finali ine za kombe la vilabu bingwa, moja kisha ingine. Ilishinda ya 1967 na ya 1968, ikawa klabu ya kwanza kulinda kombe hilo.

Lupopo ilikuwa na mlezi mwingine: reli. Jina lake kamili ni Saint-Éloi, mtakatifu wa mafundi wa chuma, na mpaka leo wanaitwa Cheminots, watu wa reli. Reli ile ndiyo ilifika Élisabethville mwaka 1910, ikapita Likasi, ikafika Bukama mwaka 1918. Wakati treni zilitembea vizuri, timu nayo ilikuwa na mgongo.

Shida ilikuja na uchumi. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba. Mwaka 1994 haikufikisha hata 50,000. Wafanyakazi walikosa mishahara, viwanda vya Likasi vikanyamaza, na treni zikakosa mizigo. Sasa, nani angelipa viatu, usafiri na chakula cha wachezaji? Kombe la Afrika ambalo Mazembe ilipata mwaka 1980 lilibaki la mwisho kwa miaka 29. Hata shampiona ya Kongo, kisha ile ya 1987, ilingojea mpaka 2000.

Kilichobadilisha mambo ni mtu mwenye pesa. Moïse Katumbi alikamata uongozi wa Mazembe mwaka 1997. Aliwalipa wachezaji vizuri, na hata wale wa inchi zingine wakaanza kuja. Mwaka 2009 na 2010 kombe la Afrika likarudi Lubumbashi. Desemba 2010, kule Abu Dhabi, Mazembe iliipiga Internacional ya Brazili 2-0, ikawa timu ya kwanza ya Afrika kufika finali ya kombe la dunia la vilabu. Inter Milan iliwashinda 3-0, lakini kipa Robert Kidiaba akirukaruka kwa matako alijulikana dunia nzima.

Pesa haikuishia kwa mishahara. Mwaka 2011 timu ilifungua uwanja wake yenyewe palepale Kamalondo, kisha ikaanzisha shule ya mpira kwa watoto. Mwaka 2015, pamoja na Mtanzania Mbwana Samatta, iliyemnunua toka Simba, ikashinda Afrika mara ya tano.

Halafu siasa ikaingia. Katumbi alitoka inchini mwaka 2016, hakurudi mpaka 2019. Mazembe ilipata bado kombe la Shirikisho mwaka 2016 na 2017, lakini kombe kubwa halijarudi. Hata hivyo haikuanguka kama zamani: mwaka 2024 ilifika nusu finali ya Afrika, Al Ahly ya Misri ikawatoa. Uwanja na shule vilibaki vinafanya kazi.

Lupopo, yenyewe, ilipata shampiona mwaka 2002, kisha ikangoja miaka mingi. Wafuasi wake hawakuikimbia. Lakini mapenzi peke yake hayalipi basi ya kwenda Kolwezi.

Kwa timu ndogo za Likasi na Mulungwishi, somo ni hili: mwenye pesa anaweza kuinua timu kwa miaka mbili, tatu. Siku anaondoka, kampuni inafunga ao siasa inageuka, kitakachobaki ni kile timu imejenga yenyewe: kiwanja ambacho hakuna mtu atakiuza, watoto wanaofundishwa kila wiki, na kasha ya pesa yenye hesabu inayosomwa mbele ya wote.