Msimu wa baridi: Usiiache betri ya pikipiki ya nyumbani ikalala njaa

Kwa familia nyingi za milima ya Usambara, pikipiki si chombo cha biashara peke yake. Ndiyo inayompeleka mtoto shule, ndiyo inayomfikisha mama kliniki, na mtoto akipandwa na homa saa 8 usiku, ndiyo ya kwanza kutolewa nje. Kwa hiyo betri yake, kile kiboksi kinachokaa chini ya kiti na kusahaulika, ni jambo la wazazi wote wawili, si la baba na fundi wake tu.

Chukua maeneo kama Kwamkoro, kwenye mashamba ya chai yanayopakana na msitu wa Amani, wilayani Muheza. Kuanzia Juni hadi Agosti asubuhi huamka na ukungu na manyunyu. Pikipiki iliyolala barazani ikibonyezwa stata, inaguna mara mbili kisha kimya. Watu husema, "Baridi imeua betri."

Baridi ina sehemu yake. Oili ya injini huwa nzito, hivyo stata hutumia nguvu zaidi, wakati huohuo betri yenyewe hutoa umeme kwa uvivu. Lakini kwa baridi yetu, ambayo haifiki barafu, mharibifu mkubwa ni mwingine: safari fupi.

Kutoa bila kuweka

Betri ni kama akiba ya kikundi. Kila unapowasha unatoa. Ukiwa njiani injini inakurejeshea. Safari ikiwa fupi mno, unatoa kuliko unavyoweka.

Tupige hesabu ya mfano. Asubuhi ya baridi umebonyeza stata mara tano, kila mara sekunde tano, nayo inavuta ampea 50. Umetoa karibu ampea-saa 0.35. Njiani, baada ya taa na chaja ya simu kuchukua chao, tuseme kinachorudi kwenye betri ni nusu ampea. Itachukua zaidi ya dakika 40 kurudisha ulichotoa. Shule ipo mwendo wa dakika saba. Fanya hivyo siku 10 za masomo, na betri ya ampea-saa 7 itakuwa imepoteza zaidi ya theluthi moja ya chaji yake.

Ubaya hauishii hapo. Betri inayokaa na chaji ndogo hujenga ukoko mgumu kwenye bamba zake za ndani. Ukoko huo ukikomaa, hakuna chaja itakayoutoa. Ndiyo maana betri mpya inaweza kufa ndani ya miezi michache bila kosa la muuzaji.

Na hasara si kushindwa kuwasha tu. Pikipiki nyingi ndogo hupeleka umeme wa taa kubwa moja kwa moja kutoka kwenye koili, lakini honi, indiketa na taa ya breki hutegemea betri. Kwenye kona za milimani, katikati ya ukungu, taa ya breki ndiyo inayomwambia dereva wa lori aliye nyuma kwamba mbele yake kuna mzazi na mtoto.

Mazoea matano ya kuanza nayo

Kwanza, asubuhi piga kiki. Kama pikipiki yako ina kiki, iache stata kwa ajili ya dharura na kwa injini iliyokwisha kupata moto. Isiyo na kiki, bonyeza stata sekunde tatu hadi tano, pumzika nusu dakika, ndipo ujaribu tena. Taa na chaja ya simu vizimwe kwanza.

Pili, ipe safari ndefu mara moja au mbili kwa wiki. Badala ya kwenda dukani leo na mashineni kesho, unganisha shughuli ziwe safari moja ya nusu saa au zaidi kwa mwendo wa kawaida. Kuiacha ikiunguruma uani hakusaidii sana, kwa kuwa injini ikiwa chini koili hutoa umeme kidogo.

Tatu, usichaji simu kwa pikipiki kwenye safari za dakika kumi. Redio nayo isubiri.

Nne, toa ufunguo kila unapozima. Kwenye pikipiki ambayo taa kubwa hutumia betri, taa ya wati 35 ikisahaulika inaweza kumaliza betri ya ampea-saa 7 kwa takriban saa mbili.

Tano, safisha vichwa vya betri kila mwezi. Unyevu wa milimani huleta ukungu mweupe au wa kijani unaozuia umeme kupita. Fungua waya hasi kwanza, kisha chanya; sugua, kausha, paka grisi kidogo. Wakati wa kurudisha, anza na chanya.

Pima kabla ya kununua nyingine

Kabla ya kutoa fedha ya betri mpya, mwombe fundi aweke mita. Pikipiki ikiwa imepumzika usiku kucha, betri nzima iliyojaa husoma volti 12.6 au zaidi. Ikisoma 12.4 inahitaji chaji. Ikiwa 12 au chini yake, imekwisha.

Kisha injini iwashwe na kupigwa resi ya wastani. Mita ikipanda hadi kati ya 13.5 na 14.5, mfumo unachaji vizuri. Isipofika 13, tatizo huenda liko kwenye koili, rektifaya au waya, na betri mpya nayo itakufa vilevile. Ikipita 15, rektifaya haidhibiti umeme na betri inachemshwa.

Kuchaji nyumbani

Kama safari zenu zote ni fupi, ichajini betri nyumbani kila baada ya wiki mbili au tatu. Kanuni ni rahisi: umeme wa kuchajia uwe karibu sehemu moja ya kumi ya uwezo wa betri. Betri ya ampea-saa 7 inataka ampea 0.7 hivi. Chaja kubwa ya magari itaiunguza. Wenye sola wanaweza kutumia paneli ya wati 10, inayotoa zaidi kidogo ya nusu ampea jua likiwa kali, lakini ipitie kwenye kidhibiti chaji na isiunganishwe moja kwa moja.

Betri ya kufunguliwa ikipungua maji, ongeza maji ya betri yaliyosafishwa tu, hadi kwenye mstari. Usiongeze asidi, wala maji ya bomba au ya kisima.

Watoto wakae mbali

Betri inapochajiwa hutoa gesi inayoweza kulipuka. Chaji mahali penye hewa, mbali na jiko, kibatari na sigara, wala si katika chumba wanacholala watoto. Asidi ikimrukia mtoto, mwoshe kwa maji mengi yanayotiririka kwa angalau dakika 20. Ikiingia jichoni, endelea kuosha na umwahishe hospitali.

Usiwashe pikipiki ndani ya nyumba ili "ichaji kidogo" kabla ya kulala. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, inayoweza kuua familia nzima iliyojifungia kwa ajili ya baridi.

Betri iliyokufa nayo si mchezo. Ndani yake mna madini ya risasi, yanayodhuru ubongo wa mtoto. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Majirani zetu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi kando ya kiwanda kilichoyeyusha betri chakavu, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Usiipasue betri wala kuyeyusha risasi yake nyumbani kwa ajili ya kutengeneza vitu vya kuvulia samaki. Irudishe dukani au kwa mnunuzi wa betri chakavu ikiwa nzima.

Wazazi wapangiane: mmoja aangalie betri kila Jumamosi, mwingine ahakikishe pikipiki ina mafuta na honi inalia. Na nani atapiga kiki usiku wa dharura ikiwa baba hayupo? Mfundisheni mama, au kijana mkubwa mwenye leseni, kabla msimu haujafika katikati.