Faini na Riba za Deni Zina Kikomo

Tunapotembelea vikundi, mara nyingi tunakuta mwanachama aliyeacha kabisa kwenda benki. Alichelewa kulipa mkopo, na kila mwezi akaongezewa riba na faini. Sasa anaogopa hata kuuliza deni limefika ngapi. Wengi hawajui kwamba sheria imeweka mpaka.

Ni Sheria ya Mabenki ya Kenya, kifungu cha 44A, kilichoanza kutumika tarehe 1 Mei 2007. Kinahusu mikopo ya benki ya kila aina, hata kadi ya mkopo. Mkopo ukihesabiwa kuwa haulipwi, kwa kawaida baada ya kuchelewa zaidi ya siku 90, benki inaweza kudai mambo matatu tu:

1. Deni la msingi lililobaki siku hiyo.
2. Riba kufuatana na mkataba, lakini isipite deni hilo la msingi.
3. Gharama za kufuata deni.

Faini ya kuchelewa haikupewa fungu la nne.

Tuchukue mfano. Mama amekopa shilingi 50,000. Amepunguza msingi kwa shilingi 20,000, halafu mvua ikakosa, akashindwa. Msingi uliobaki ni 30,000. Riba ya kuanzia hapo haiwezi kupita 30,000. Hata miaka ipite mingi, hawezi kudaiwa zaidi ya 60,000, ukiongeza gharama za kufuata deni.

Lakini tuwe macho. Akianza tena kulipa kisha akaacha, hesabu itaanzia siku mkopo ulipohesabiwa tena kuwa haulipwi. Na korti ikishatoa amri, riba inayotokana na amri hiyo haifungwi na kikomo hiki.

Je, mdhamini? Naye analindwa na kifungu hicho hicho. Na wale wanaokopesha kwa simu wamewekewa kikomo kama hiki na kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022.

Basi tufanye nini? Tusijifiche. Mwenye deni aende benki pamoja na katibu wa kikundi, aombe hesabu kwa maandishi: msingi peke yake, riba peke yake, gharama peke yake, na tarehe mkopo ulipohesabiwa haulipwi. Gharama zionyeshwe kwa risiti. Karatasi hizo ziwekwe vizuri.

Deni ni la kulipwa, hilo hatubishi. Lakini lilipwe kwa hesabu ya haki, si kwa kuuza shamba bila kuuliza.