Machicha ya bia kwa nguruwe: kwa nini tumbo hujaa lakini mnyama hakui

Katika mitaa ya kusini mwa Bujumbura, kuanzia Kanyosha hadi Ruziba, familia nyingi hufuga nguruwe wawili au watatu nyuma ya nyumba. Kwa mkimbizi asiye na shamba, na hata kwa mwenyeji mwenye kipande kidogo cha ardhi, nguruwe ni akiba: akiuzwa analipa kodi ya nyumba, karo ya watoto au mkopo wa kikundi. Akichelewa kukua, mkopo hauchelewi.

Chakula ndicho kinachokula pesa nyingi katika ufugaji huu. Ndiyo maana wafugaji wengi hutafuta machicha ya bia, ambayo mjini huitwa dreshi. Ni mabaki ya nafaka baada ya kutengeneza bia. Mengi hutoka katika kiwanda cha Brarudi, kilichoanzishwa mwaka 1955, na kiasi kidogo hutoka kwa akina mama wanaopika impeke, pombe ya mtama. Swali tunaloulizwa mara kwa mara ni hili: ikiwa dreshi ina protini nyingi kuliko mahindi, mbona nguruwe anayeila kila siku bado ni mwembamba?

Dreshi ni kitu gani hasa?

Mtengeneza bia anachotaka katika nafaka ni wanga. Wanga hugeuzwa kuwa sukari, na sukari huwa kileo. Kinachobaki ni maganda, nyuzinyuzi, mafuta kidogo na protini. Kwa kuwa wanga umeondoka, vilivyobaki huonekana vimeongezeka. Mahindi makavu yana protini asilimia 8 au 9 hivi. Dreshi ikikaushwa huwa na asilimia 25 hivi.

Jambo hilohilo hutokea katika viwanda vikubwa vya Marekani vinavyotengeneza ethanoli ya magari kutokana na mahindi. Theluthi moja ya mahindi huwa ethanoli, theluthi nyingine hupotea kama gesi, na theluthi ya mwisho hubaki kama mabaki yenye protini ya asilimia 27 hadi 30. Mabaki hayo hulishwa nguruwe katika nchi nyingi, na watafiti wameyachunguza kwa miaka mingi. Waliyogundua yanatusaidia hata sisi wa Ruziba.

Tatizo la kwanza: unanunua maji

Dreshi inayotoka kiwandani ni mbichi. Katika kilo 100, maji ni kilo 75 hadi 80. Kwa hiyo mfuko wa kilo 50 una kilo 10 hivi tu za chakula kikavu, na ndani yake protini ni kilo 2 na nusu. Unapolinganisha bei ya dreshi na ya pumba au mahindi, gawanya bei ya mfuko kwa kilo 10, si kwa kilo 50. Ongeza pia gharama ya usafiri.

Maji haya yanamhusu nguruwe pia. Nguruwe wa kilo 40 anahitaji karibu kilo 1.8 za chakula kikavu kwa siku. Akitegemea dreshi mbichi peke yake, itabidi ale kilo 9. Tumbo lake litajaa kabla ya kufika hapo. Ataonekana ameshiba, lakini mwili utakuwa na njaa.

Tatizo la pili: protini iliyomo si yote inayotumika

Nguruwe si ng'ombe. Ng'ombe ana tumbo kubwa lenye vijidudu vinavyovunja nyuzinyuzi na kutengeneza protini mpya, ndiyo maana dreshi humfaa sana. Tumbo la nguruwe linafanana zaidi na letu. Protini yake inavunjwa na kunyonywa katika utumbo mwembamba. Ikipita hapo bila kuvunjwa, inaingia utumbo mpana, inaozeshwa na vijidudu, na inatoka na kinyesi. Nyuzinyuzi nyingi huharakisha chakula na kukipitisha kabla hakijamaliza kuvunjwa.

Ndiyo maana wataalamu hawapimi tu protini iliyo ndani ya chakula. Wanapima kiasi ambacho kimenyonywa kabla ya kufika mwisho wa utumbo mwembamba. Kiasi hicho ndicho kinachojenga nyama.

Protini yenyewe imeundwa kwa vipande vidogo vinavyoitwa asidi amino. Fikiria fundi anayejenga ukuta kwa matofali na saruji. Matofali yakiwa mengi na saruji ikaisha, ujenzi unasimama. Kwa nguruwe anayelishwa nafaka, kinachoisha kwanza ni asidi amino iitwayo lisini. Kilo moja ya mahindi ina gramu 2.5 hivi za lisini. Kilo moja ya dreshi kavu ina gramu 10 hivi. Kilo ya soya ina gramu 22 au 23, na kilo ya ndagala wakavu ina gramu 40 au zaidi.

Tuangalie mfano. Ukichanganya kilo 5 za mahindi na kilo 5 za dreshi kavu, unapata protini ya asilimia 16 hadi 17. Kwenye karatasi inapendeza. Lakini lisini ni gramu 62 tu katika kilo 10, na nyuzinyuzi ni nyingi mno kwa nguruwe anayekua.

Tatizo la tatu: moto

Lisini huharibiwa na joto kali. Chakula chenye sukari na protini kikiunguzwa, lisini hushikana na sukari na mwili hauwezi tena kuitumia. Ni kama chapati iliyoungua: unga bado upo, lakini umebadilika. Katika mabaki ya ethanoli yanayokaushwa kwa joto kali viwandani, nguruwe hutumia karibu asilimia 60 tu ya lisini iliyomo, wakati katika mashudu ya soya yaliyotayarishwa vizuri hutumia karibu asilimia 90.

Kwa hiyo usikaange dreshi kwenye sufuria ili ikauke haraka. Itandaze jembamba juu ya turubai safi, juani, na uigeuze mara kwa mara. Ikiwa kahawia iliyokolea na kunuka kuungua, umeshapoteza sehemu ya ulichonunua.

Basi nilishe vipi?

Kwa nguruwe anayekua, wa kilo 30 hadi 60, mchanganyiko huu wa kilo 10 unaweza kukusaidia:

- Mahindi yaliyosagwa: kilo 5.5
- Pumba laini: kilo 1
- Dreshi kavu: kilo 1.5 (au kilo 7.5 ikiwa mbichi)
- Soya iliyokaangwa na kusagwa: kilo 1.5
- Ndagala wakavu waliosagwa: kilo 0.5
- Chumvi: gramu 30, isipokuwa ndagala wenyewe wametiwa chumvi

Protini hapa ni karibu asilimia 18, si mbali na mfano wa kwanza. Lakini lisini imefika karibu gramu 89, na nyingi inanyonyeka.

Angalia: soya mbichi haifai. Ina vitu vinavyozuia protini kuvunjwa tumboni. Ikaange mpaka ladha ya umbichi iishe, lakini usiiunguze. Ndagala wanaotumika wanaweza kuwa vipande na vichwa vinavyobaki sokoni, mradi hawajaoza.

Kwa wengine:

- Watoto wa nguruwe walio chini ya kilo 20: usiwape dreshi. Utumbo wao haujawa tayari.
- Jike mwenye mimba: anaweza kula zaidi, kwa sababu nyuzinyuzi humshibisha bila kumnenepesha.
- Jike anayenyonyesha: punguza dreshi. Anahitaji chakula chenye nguvu na lisini ili apate maziwa.

Nguruwe wote wawe na maji safi wakati wote, hata kama dreshi ni mbichi.

Kuhifadhi na usalama

Kwa joto la Bujumbura, dreshi mbichi huanza kuharibika baada ya siku mbili. Ukinunua nyingi, ichanganye na pumba ili ivute maji, ishindilie ndani ya pipa mpaka hewa itoke, kisha funga kwa plastiki. Baada ya wiki tatu itakuwa na harufu ya uchachu, kama uji uliochacha. Hiyo ni nzuri. Ikinuka uozo au ukiona ukungu wa kijani au mweusi, itupe. Sumu za ukungu zinaweza kumfanya jike asishike mimba. Kumbuka pia kwamba wanga unapoondoka, sumu iliyokuwa ndani ya nafaka haiondoki: inabaki katika mabaki, tena kwa wingi zaidi.

Usitumie tena mifuko iliyotoka katika banda la mtu mwingine bila kuifua na kuianika. Homa ya nguruwe ya Afrika haimwambukizi binadamu, lakini haina tiba, na inaweza kumaliza nguruwe wa mtaa mzima. Virusi vyake husafiri kwa viatu, mifuko na mabaki ya nyama ya nguruwe. Usilishe mabaki ya jikoni yenye nyama hiyo. Ukiona nguruwe kadhaa wana homa kali, wekundu wa ngozi au wanakufa ghafla, usiwauze na usiwachinje. Mjulishe daktari wa mifugo wa komuni.

Majirani nao wanahusika

Protini isiyotumika hutoka na kinyesi na mkojo, na ndiyo inayofanya banda linuke ukali unaochoma pua. Katika mtaa ambamo nyumba zimebanana, na baadhi ya majirani hawali nguruwe kwa sababu ya dini, harufu hiyo huleta ugomvi mapema. Chakula chenye uwiano mzuri hupunguza harufu. Ondoa kinyesi kila siku na ukichanganye na majani makavu kiwe mbolea, ambayo jirani mwenye bustani ataihitaji.

Utajuaje kama inafanya kazi?

Huna mizani? Chukua kamba. Mzungushie nguruwe kifuani, nyuma ya miguu ya mbele, na ufunge fundo pale inapokutana. Rudia kila baada ya wiki mbili, asubuhi kabla hajala. Fundo likisogea, chakula kinajenga nyama. Lisiposogea kwa vipimo viwili mfululizo wakati mnyama ni mzima, usiongeze dreshi. Ongeza soya au ndagala.