Siku Moja na Ndege wa Momba

Ukitaja Tunduma watu hukumbuka malori ya mpakani. Wachache hujua kuwa mkoa wetu wa Songwe unateremka hadi Ziwa Rukwa, ndani ya Bonde la Ufa, ambako Mto Momba humwaga maji yake baada ya kuipita Kamsamba.

Tulikwenda huko mwishoni mwa Novemba, mimi na vijana sita wa madrasa. Mvua za kwanza zilikuwa hazijatulia: mara jua kali, mara upepo, mara ngurumo upande wa ziwa. Mvuvi mmoja mzee alikataa kutupakia mtumbwini. Rukwa lina kina kifupi, na upepo huliamsha upesi. Vijana walinung'unika, mimi nilimshukuru.

Basi tukakaa ukingoni. Mwari walielea kwa safu wakichota samaki, furukombe akalia juu ya mti mkavu, na vitwitwi, wageni wa kutoka kaskazini mwa Ulaya na Asia, wakakimbia matopeni. Niliwakumbusha aya ya 19 ya Surat al-Mulk, inayotaja ndege na mbawa zao angani.

Mdogo wao alikuwa na manati mfukoni. (Umri wake, nami nilikuwa nayo.) Akauliza, "Ustadhi, hawa wamevuka nchi ngapi?" Tukahesabu mpaka vidole vikaisha. Sikumwomba ile manati.

Mvua iliposhuka tulikimbilia kibanda cha wavuvi, tukajumuisha adhuhuri na alasiri. Upepo ulikuwa ukipeperusha turubai la mlangoni. Yeye akafungua mipira ya manati, akalifungia.